YAH: MALALAMIKO KUHUSU USAILI WA NAFASI YA MHASIBU MSAIDIZI

Meneja Rasilimali Watu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mmoja wa waombaji mliowaita kwenye usaili wa ana kwa ana wiki sita zilizopita. Nimesubiri majibu yenu kabla ya kuandika, na kwa kuwa hayajaja, naona sina sababu ya kuendelea kunyamaza.

Ujumbe wenu ulinitaka nifike saa 3:00 asubuhi nikiwa na vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA. Ninaishi Morogoro, hivyo nilisafiri siku moja kabla kwa treni ya SGR, nauli ikiwa shilingi 13,000 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, nikalala kwa shangazi yangu Ukonga, ambako asubuhi nilimwacha mwanangu ambaye bado ananyonya. Tulikuwa waombaji tisa, na hakuna ofisa aliyekuja kutueleza lolote hadi nilipoitwa saa 8:20 mchana, wakati kifua kimejaa maziwa hadi yamelowesha blauzi na nimelazimika kuifunika kwa mtandio. Mlinzi wenu wa getini, ambaye namshukuru kwa dhati, ndiye pekee aliyetutafutia viti vya ziada na kutuonyesha maji ya kunywa.

Kuchelewa peke yake ningekuvumilia. Kilichonifanya niandike ni yale yaliyotokea ndani ya chumba.

Maswali ya kazi yalikuwa mawili tu: usuluhisho wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa) ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Yote niliyajibu. Kisha mwenyekiti wa jopo akaniuliza kama nimeolewa, nina watoto wangapi, na kama natarajia kushika mimba nyingine hivi karibuni. Nilipomwambia kuwa nina mtoto wa miezi saba, alichukua penseli, akaandika juu ya wasifu wangu neno ANANYONYESHA kwa herufi kubwa nilizozisoma kutoka nilipokaa, akalipigia mstari. Baada ya hapo sikuulizwa kitu kingine. Waombaji wawili wa kiume niliozungumza nao getini walisema hawakuulizwa chochote kuhusu familia zao, ingawa mmoja wao ana watoto wanne.

Naomba mrejee kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachokataza ubaguzi kwa misingi ya jinsi, ujauzito na hali ya ndoa, na kinachosema wazi kwamba neno mwajiriwa katika kifungu hicho linamjumuisha pia mwombaji wa kazi. Kunyonyesha hakunizuii kusuluhisha hesabu. Katika ajira yangu iliyopita nilifunga hesabu za mwezi nikiwa na ujauzito wa miezi minane, na kazi ile haikurudishwa.

Jopo lilituahidi majibu ndani ya siku 14. Nimewaandikia barua pepe mara mbili na kupiga simu mara tatu, na kila mara ninaambiwa nisubiri kupigiwa.

Kwa hiyo naomba mambo haya: nipewe kwa maandishi matokeo ya usaili wangu pamoja na sababu zake, maswali ya ndoa na uzazi yaondolewe katika usaili wenu, na mwenyekiti wa jopo aelezwe hivyo na uongozi, na nakala za vyeti na kitambulisho changu mlizobaki nazo nirudishiwe, kwa kuwa ni taarifa zangu binafsi na sijui zimehifadhiwa wapi. Ule wasifu wenye maandishi ya penseli msiuharibu. Nisipopata majibu ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, nitalipeleka suala hili kwa Afisa Kazi.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mwombaji wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi,
Morogoro.