Kijana wa 9.81 hakuonewa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya mzazi aliyelalamika humu gazetini kwamba mwanawe wa mwaka wa kwanza chuoni amepewa alama 4 kati ya 10 kwenye ripoti ya maabara ya fizikia, ilhali jibu lake la mvutano wa dunia (g), mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde, ndilo lililomo kitabuni. Anauliza jibu sahihi linakoseshwaje, na kwa nini watoto waandikishwe ripoti ya uzi na kijiwe utadhani wanapeleka makala kwenye jarida la wanasayansi.

Mimi ni fundi sanifu mstaafu wa maabara ya fizikia. Hizo pendulamu (uzi wenye kijiwe kinachopembea; urefu wake na muda wa mpembeo ndivyo vinavyotoa g) nimezifunga mimi, na ripoti zake zimepita mikononi mwangu kabla ya kufika kwa mhadhiri. Kwa heshima zote, mzazi mwenzangu, kijana hakuonewa.

Tuanze na hiyo 9.81 yenyewe. Hiyo ni namba ya London na majirani zake. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako dunia imetuna kidogo na mzunguko wake unapunguza mvutano kuliko kule kaskazini. Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni kama 9.78. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba uzi na stopuwachi haviwezi kuiona, na hapo ndipo penye utata. Anayeniletea 9.81 kavu, bila kusema kipimo chake kinaweza kupotoka kwa kiasi gani, hajanieleza kitu. Anayeleta 9.6, akaandika kwamba inaweza kuzidi au kupungua kwa 0.2, akaonyesha hiyo 0.2 ameitoa wapi, huyo namwamini.

Wanafunzi wanapika data, yaani wanabuni namba. Kila aliyewahi kuingia maabara analijua hilo, ila kwenye barua za wazazi halitajwi.

Chukua kosa linalotokea kuliko yote. Mwanafunzi anaachia kijiwe, anabonyeza stopuwachi, na papo hapo anatamka "moja". Akifika "ishirini" anasimamisha saa. Anadhani kijiwe kimekwenda na kurudi mara 20, kumbe ni mara 19. Akigawa muda wake kwa 20, g inamtokea 10.84 hivi. Namba hiyo naifahamu kama sura ya mtu. Nikiiona kwenye ripoti sina haja ya kuuliza, namwambia tu aanze kuhesabu na sifuri, kazi imekwisha. Lakini hainifikii. Kijana ameshaingiwa na hofu, amegeuza fomula kichwa chini, ameanza na 9.81 na kurudi nyuma kutafuta muda ambao "angetakiwa" kuupata. Anaujaza kwenye jedwali, anachezea desimali mbili tatu ili lisionekane nadhifu mno. Hapo hata mwalimu hodari hana pa kumsaidia.

Lingine ni la urefu. Wengi hupima uzi mpaka juu ya kijiwe badala ya katikati yake. Ukichora grafu ya muda wa mpembeo kipeo cha pili dhidi ya urefu, mstari hautapita kwenye sifuri. Kijiwe chenye nusu kipenyo cha sentimita 1, mstari utakata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1 chini ya sifuri. Mteremko wake haubadiliki hata chembe, na g inatoka kwenye mteremko! Yaani kosa limejifichua lenyewe na jibu limesalimika. Mpishi wetu afanyeje? Anaweka rula na kuulazimisha mstari upite kwenye sifuri, anaharibu mteremko uliokuwa mzima.

Mzazi anaona mtindo wa jarida ni mambo ya Wazungu. Amkumbuke Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto, aliweka kwenye friza maziwa ya moto ya aiskrimu, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alichekwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu yake Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 wote wawili wakachapisha ripoti katika jarida la Physics Education. Humo wamesema maji yalikuwa mililita 70 ndani ya bika (vikombe vya kioo vya maabara) za mililita 100, zimewekwa juu ya povu la polistirini katika friza ya friji ya nyumbani. Wamesimulia pia kwamba fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kupima alirudi akakiri kuwa ya moto yameganda kwanza, kisha akaahidi kuendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi. Fundi mwenzangu huyo! Nilicheka, lakini Osborne hakumficha.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipinga. Walisema hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita moja hivi kinaweza kuleta tofauti ya namna hiyo. Ubishi unaendelea. Lakini mngebishania nini kama wale wa 1969 wangeandika "tuliweka maji kwenye friza, jibu sahihi"?

Kuhusu sehemu za ripoti sina mengi. Ikisiri, yaani muhtasari wa ripoti, iandikwe mwisho japo inakaa mwanzo, na iwe na namba ndani yake. Njia iandikwe kwa wakati uliopita: uzi ulifungwa, muda ulipimwa. Mwongozo wa maabara ndio unaosema "funga uzi", na kuunakili si kuripoti. Kikokotoo kikitoa 9.7826413, tarakimu nyingi hapo ni porojo. Na tafadhali, "makosa ya kibinadamu" si maelezo. Nani alikosea, wapi, kwa sekunde ngapi?

Ombi langu ni kwa vyuo. Namba mbichi ziandikwe kwa kalamu ya wino kwenye daftari, na msimamizi atie saini kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni. Lililokosewa likatwe mstari mmoja, lisifutwe. Alama zaidi ziende kwenye jedwali hilo na kwenye mjadala, chache zibaki kwa ukaribu wa jibu na kitabu. Mzazi naye amwombe kijana amwonyeshe daftari la siku ile. Kama lipo na namba zake zinalingana na ripoti, akate rufaa, nami nitamuunga mkono.

Fundi sanifu mstaafu,
Iringa