Barua ya kufunga muhula wa kwanza, kwa wazazi na walezi wa Darasa la Kwanza

Wapendwa wazazi na walezi,

Bwana Yesu asifiwe.

Tumefunga muhula salama, na wa kushukuriwa ni Mungu aliyewalinda watoto barabarani masika yote, kwa utelezi ule mnaoujua wenyewe kutoka darajani hadi getini. Barua ya shule nzima mtaikuta ndani ya bahasha ya ripoti. Hii nimewaandikia ninyi wa Darasa la Kwanza peke yenu, kwa sababu muhula huu darasa lenu limenifurahisha kuliko mengine yote, na ni darasa hilohilo lililoniudhi kuliko mengine yote.

Nianze na furaha. Mliofika kwenye ibada ya kufunga shule mliona kwa macho yenu. Miaka yote watoto wa Darasa la Kwanza husimama mbele ya madhabahu wakatamka Zaburi ya 23 kwa kichwa, tukapiga makofi, tukaenda kula. Mwaka huu mwalimu wao alikataa. Alisema mtoto aliyeikariri zaburi ametuonyesha kwamba anasikia vizuri, lakini hatujajua bado kama anasoma. Akachagua Zaburi ya 100, ambayo hawajawahi kuikariri, akaiandika kwa herufi kubwa kwenye makaratasi ya manila, kila mtoto mstari wake, na watoto wakaiona kwa mara ya kwanza asubuhi ileile.

Mstari wa kwanza una neno "mfanyieni" na neno "shangwe". Mtu mzima huyapita maneno hayo bila kuyatazama. Kwa mtoto wa miaka sita ni kazi kubwa: anakutana na m iliyosimama bila irabu, ndipo fa, nyi, e, ni, akivuka hapo anaikuta sha, na baada yake n, g na w zimebanana mpaka irabu itokee mwishoni. Binti aliyepewa mstari huo aliweka kidole kwenye karatasi, akaanza, akakwama, akarudi mwanzo, akaziunganisha silabi moja moja hadi neno likakamilika. Alipofika kwenye "shangwe" alinyamaza muda mrefu. Mchungaji akainama amnong'oneze, mwalimu akamzuia kwa mkono. Mtoto akalisoma mwenyewe. Makofi yaliyopigwa siku ile sijayasikia hata kwenye mahafali ya Darasa la Saba. Wenzake wote waliomfuata walisoma, wengine kwa kusitasita, lakini walisoma. Namshukuru sana mwalimu wao mbele yenu nyote. Nawashukuru na ninyi mliokaa na watoto hawa jioni, maana kwa saa za darasani peke yake tusingefika pale.

Mtu angedhani waliosoma vizuri zaidi ni watoto wa waliosoma sana. Baadhi ni hao. Lakini binti wa "shangwe" analelewa na bibi yake, ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule. Kila jioni, wakati bibi anamenya ndizi, mjukuu anakaa karibu na jiko na kusoma kwa sauti: kitabu cha darasani kwanza, kisha mistari michache ya Biblia au wimbo mmoja wa kitabu cha nyimbo. Bibi hajui herufi, ila zaburi na nyimbo anazijua kwa moyo tangu ujana wake. Mtoto akibahatisha neno, bibi anamwambia: rudi, hapo siyo hivyo. Basi. Hana twisheni, hana simu ya michezo ya herufi. Nimeomba ruhusa yake kulieleza hili, naye alikubali kwa furaha.

Kwa hiyo mzazi asije kuniambia kwamba hakusoma na hivyo hana la kumsaidia mtoto. Ninachokuomba ni robo saa kila jioni, redio na televisheni zikiwa zimezimwa, mtoto asome na wewe usikilize. Akikwama, subiri. Usimtajie neno haraka. Mwambie alikate silabi kwa silabi, na akishalitamka arudie sentensi yote tangu mwanzo ili maana isimpotee. Mwulize: nani kafanya nini? Akishindwa kukujibu, ametamka tu, bado hajasoma. Akigeuza b kuwa d, msahihishe kwa upole na muendelee. Watoto wengi wa umri huu hugeuza herufi, wala si uzembe.

Jambo moja linatusumbua kwa sababu shule yetu ni ya mchepuo wa Kiingereza. Kuna nyumba ambazo mtoto amekatazwa Kiswahili, ati kisimharibie Kiingereza. Tafadhali acheni. Mtoto anayeweza kusimulia kwa Kiswahili au kwa Kichagga jinsi mbuzi alivyokata kamba, nani alimkimbiza na akakamatwa wapi, ana cha kusema, na siku akipata maneno ya Kiingereza atakisema. Aliyenyamazishwa nyumbani anakuja kwetu bila lugha yoyote iliyokomaa. Msichanganye pia majina ya herufi. Wapo ndugu wakubwa wanaomfundisha mdogo wao kwamba e inaitwa "i" na i inaitwa "ai", kama ilivyo kwa Kiingereza, halafu mtoto anashika kitabu cha Kiswahili na kusoma "embe" kuwa "imbi". Mfundisheni mlio wa herufi ndani ya neno. Majina ya Kiingereza tuachieni sisi.

Hesabu ziko jikoni na bustanini. Mwambie ahesabu ndizi za kichana kimoja, atoe tatu za kupika, akuambie zimebaki ngapi. Watu wa kula ni saba na sahani mezani ni nne: aende akalete zinazopungua bila wewe kumtajia idadi. Maharage na vifuniko vya soda vinatosha kumfundisha makumi na mamoja, kwa kupanga mafungu ya kumi na kuhesabu zinazobaki nje. Mtoto aliyeyashika makumi kwa mikono yake hapati shida tunapoyaandika ubaoni.

Na jioni mwacheni aongoze sala. Isiwe ya kukariri kila siku. Amwombee bibi anayeumwa, amshukuru Mungu kwa mvua. Musa aliwaagiza Waisraeli kuwafundisha watoto wao waketipo nyumbani na watembeapo njiani; hakusema wawasubiri waalimu. Shule ya Kikristo haiwezi kuwa na imani saa za kazi tu, halafu nyumbani jina la Mungu lisitajwe mpaka mtoto arudi kwetu Jumatatu. Kwa wazazi wetu Waislamu, ambao tunawaheshimu na watoto wao tunawapenda, robo saa ya kusoma inawahusu sawasawa, kwa kitabu cha darasani.

Sasa nije kwenye lililoniudhi.

Jumatatu moja ya mwezi Mei mwalimu alikusanya madaftari ya kazi ya nyumbani, hesabu za kujumlisha zisizozidi 20. Akaanza kuona namba saba yenye kistari katikati. Sisi hatufundishi saba ya namna hiyo. Akaweka pembeni kila daftari lenye saba ile, na alipomaliza yalikuwa kumi na moja, ya watoto wanaokaa mbalimbali, yote yamepata sahihi zote kwa mwandiko mmoja. Tulipouliza tukaambiwa yuko kijana anayefanya twisheni jioni. Wazazi wanamlipa, watoto wanacheza nje, yeye anajaza madaftari. Kumi na moja, katika darasa la watoto wa miaka sita na saba!

Niliwaita wazazi hao. Wengi waliomba radhi na nimewasamehe. Mmoja aliniambia kwamba yeye anarudi amechoka, na kwamba shule inachotaka si daftari lijazwe? Hapana, mzazi mwenzangu. Daftari lenye makosa matatu ya mtoto mwenyewe linamwambia mwalimu afundishe nini kesho. Lililojazwa na mtu mzima linamdanganya mwalimu, naye anasonga mbele na kumwacha mtoto wako nyuma bila kujua. Hela umelipa ili mtoto wako asifundishwe.

Lakini hata hilo si ndilo lililoninyima usingizi. Mwalimu aliwauliza watoto mmoja mmoja nani aliandika. Karibu wote walijibu "mimi" huku wanaangalia chini, kwa sababu ndivyo walivyoelekezwa kwao. Sisi tunawafundisha Amri Kumi darasani. Tunawaambia usiseme uongo. Halafu mtoto anakwenda nyumbani na mtu mzima anayempenda na kumwamini kuliko wote anamfundisha jibu la uongo la kumpa mwalimu wake. Mtoto atamwamini nani? Hili nalisema kwa uchungu, na nitalisema tena kwenye kikao, na atakayekasirika aje ofisini tuzungumze.

Kuanzia muhula ujao, daftari litakaloonekana lina mkono wa mtu mwingine halitasahihishwa. Mzazi ataitwa, na mtoto ataifanya kazi ile upya mbele yake. Twisheni ya jioni kwa Darasa la Kwanza shule haiitambui. Mtoto wa umri huu akitoka kwetu anahitaji kula, kucheza, kusoma robo saa, kuomba na kulala. Na alale mapema. Gari la shule linapita saa kumi na mbili asubuhi, na tunao watoto wanaokaa kwenye tamthilia hadi saa nne usiku pamoja na wakubwa. Hao mwalimu anawajua kwa kusinzia kwao kabla ya uji.

Wapo pia waliokosea upande wa pili, wanaokaa na mtoto huku wameshika fimbo. Mtoto mmoja alianza kutetemeka kila akifunguliwa kitabu. Fimbo hiyo iwekeni chini. Akichoka, funga kitabu, kesho ipo.

Mahudhurio. Siku za soko darasa lenu linapungua, na sababu naijua: mtoto anabaki kulinda mdogo wake au kubeba kapu. Misiba nayo, mtoto wa Darasa la Kwanza anapelekwa kwa siku tatu, nne, hata wiki. Tunaomboleza pamoja nanyi, na maziko ya ndugu wa karibu siyazuii. Lakini siku ya kwanza darasa linapojifunza "nya" na ya pili "ng'", mtoto ambaye hakuwepo anarudi na kukuta wenzake wanasoma "nyanya" na "ng'ombe", yeye anaziona zote kama herufi zilizorundikana. Kusoma hufuata ngazi, na aliyekosa ngazi moja anabaki hapo mpaka mtu amrudie. Tena mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Watoto hawa hawana mwaka wa ziada wa kufidia. Atakayekosa shule bila taarifa kwa mwalimu wa darasa, mzazi atamleta mwenyewe na kueleza.

Ada. Sitaki kuficha: hali ni mbaya, na Darasa la Kwanza ndilo linaloongoza kwa madeni. Wengine bado mnadaiwa ya Januari. Mishahara ya walimu inatoka kwenye ada hiyo, mafuta ya gari yanatoka humo, na uji wa saa nne ambao mtoto wako hajaukosa hata siku moja unatoka humo. Mwalimu niliyemsifu hapo juu, ambaye ninyi mlisimama kumpigia makofi, mshahara wake wa Mei aliupata kwa mafungu mawili. Alinunua makaratasi yale ya manila kwa hela yake. Na baadhi yenu mnaodaiwa nimekaa nanyi Mei hiyohiyo kwenye vikao vya harusi, mkitaja michango mikubwa mbele za watu na kuitoa kwa wakati. Mchango wa harusi ni jambo jema, lakini deni la mwalimu wa mtoto wako lilitangulia.

Mtoto wa Darasa la Kwanza sitamrudisha nyumbani kwa sababu ya ada, kwa kuwa yeye hana anachoweza kulipa, na aibu ile haimfai. Mtu asilichukue hilo kama ruhusa. Nitamwita mzazi, nitamfuata na kwake, na jina lake litapelekwa kwenye kamati ya shule. Wenye shida ya kweli, waliofiwa, waliougua, wanaosubiri malipo ya kahawa, njooni kabla ya kufungua, tupange mafungu na tuyaandike. Nimewahi kumkubalia kila aliyekuja kwa ukweli. Malipo ni benki tu, na hati ya benki iletwe kwa mhasibu. Msimpe mwalimu wala dereva fedha mkononi.

Moko ya wilaya, yaani mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba, imekwenda vizuri. Matokeo yako kwenye bahasha. Vyoo vipya vya wadogo vimekamilika. Masweta yaandikwe majina, tuna rundo lisilo na wenyewe.

Likizoni mtoto asome kila siku robo saa ileile, na mkihudhuria ibada Jumapili akae karibu nawe na kitabu cha nyimbo, afuate kwa kidole wakati mnaimba. Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye miraba. Baada ya kumsikiliza, mtu mzima aliyemsikiliza aweke sahihi yake kwenye mraba wa siku hiyo. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, inatosha kabisa. Tunafungua tarehe 8 Julai, siku moja baada ya Sabasaba. Kila mtoto wa Darasa la Kwanza aje na mzazi au mlezi wake, si dada wa kazi, na karatasi hiyo mkononi. Kikao kitaanza saa mbili asubuhi darasani kwao.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu Mkuu