Damu ya mu gemu si njo shida

Bwana mhariri,

Nimesoma ile barua ya muzazi mwenzangu wa hapa Lubumbashi, anataka sali zote za gemu za video (manyumba ya kulipia kucheza) zifungwe ju batoto banajifunza kukata batu vichwa. Minamuelewa, mi pia niko muzazi. Lakini ile gemu alielezea, ya kijana mwenye upanga wa mwangaza, minaijua, banaiita No More Heroes, na naona aliangalia paka damu akaenda zake.

Mwenye kuitengeneza ni Goichi Suda, Mjapani moja banamuita Suda51, mbele ya kuingia mu gemu alikuwa anafanya kazi ya mazishi. Ilitoka ku Wii, mashine ya gemu ya Nintendo yenye rimoti ya kutikisa, mwisho wa 2007. Huyo kijana, Travis, iko muuaji wa namba 11 na anataka namba moja, ila kila pambano lazima alipe kwanza na makuta hana, basi anaenda kukata majani ya batu, kuokota taka, kukusanya nazi, muuaji muzima! Halafu upanga unaisha chaji katikati ya vita, anasimama anautikisa, na weye mwenye kucheza unatikisa rimoti mu mukono. Hapo mutu wa Katuba hahitaji maelezo, umeme wa kupotea saa mbaya tunaujua.

Siisifii yote, ule muji wake wa Santa Destroy hauna kitu, kuzunguka na pikipiki kutoka kazi moja mpaka ingine kunachosha kabisa.

Sasa damu. Japani na Ulaya baliitoa, mwenye kuuawa anageuka majivu meusi, Marekani ikabakia inaruka sawa bomba ya maji yenye imepasuka. Upanga ni ule ule, batu banakufa vile vile, sasa kutoa damu kulisaidia nini? Mi kwangu shida ni mutoto wa miaka 9 kupewa manete (kile cha kushika ya kuchezea) ya gemu yenye Marekani baliandikia miaka 17 kwenda juu, na mwenye sali anajua kusoma, anaangalia tu makuta ya mutoto. Huyo njo wa kuulizwa. Gemu ya mpira iko, ya magari iko, batoto bacheze ile, hizi za Suda baziweke usiku kwa bakubwa.

Na kama burgumestre, mukubwa wa komini, anataka kufunga kitu, aanze na sali zenye kufungua asubuhi saa ya masomo, batoto bameingia na yunifomu na hakuna mwenye anauliza.

Muzazi wa Katuba, Lubumbashi