Barua kwa mdogo wangu anayelinda usiku

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Juzi kwenye simu uliniambia Kwaresima imekupita: Jumatano ya Majivu ulikuwa lindoni, hujafunga, na kitubio hujakikaribia tangu msiba wa baba. Ukasema, "Dada, mimi nimeshachelewa." Salio likakata kabla sijakujibu.

Fungua Zaburi ya 130. Ni fupi, mistari minane tu, mojawapo ya zile zaburi saba za toba, na mimi naipenda kuliko zote, hata kuliko ile ya 51. Inaanza, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Angalia anakolilia huyu mtu. Bado yumo majini. Hakungoja atoke, ajikaushe, abadili nguo ndipo asali. Kisha anauliza: "Bwana, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?" Mdogo wangu, hizo hesabu unazokesha nazo unazipiga wewe.

Halafu unafuata mstari ambao sijawahi kuusoma nisikukumbuke. Nafsi yake inamngoja Bwana "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Ameurudia kwa makusudi, naamini, kwa sababu usiku wa lindo ni mrefu. Wewe unaujua kuliko sisi tunaousikia kanisani tukiwa tumelala vizuri: saa tisa usiku, koti zito, tochi imeanza kufifia, mbu masikioni, unasikilizia adhana ya alfajiri na daladala ya kwanza. Sasa niambie, umewahi kuona asubuhi ikakataa kuja kwa kuwa mlinzi alisinzia? Inakuja tu. Inamkuta aliyekesha, inamkuta na aliyepitiwa na usingizi kibandani. Huyu mtunzi anamngoja Mungu kwa uhakika huo, na zaidi ya huo.

Mwaka huu tuko kwenye masomo ya Mwaka A, katika ule mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kwa hiyo Dominika ya tano ya Kwaresima tutaiimba zaburi hii pamoja na Injili ya kufufuliwa kwa Lazaro. Martha, dada yake Lazaro, naye aliona wamechelewa: siku nne kaburini, ananuka. Jiwe ambalo Yesu aliagiza liondolewe likaondolewa vilevile.

Ijumaa Njia ya Msalaba inaanza saa tisa na nusu alasiri, na padre atakuwa kitubioni kabla yake. Zamu yako ni saa kumi na mbili, unawahi. Njoo na sare zako za kazi, usihangaike kubadili. Nitakuwekea nafasi benchi la nyuma, upande wa dirishani.

Dada yako