Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025

Ndugu wanachama, habari za kazi na poleni na mvua. Mahesabu atasoma mweka hazina mwenyewe, mimi naomba niongelee lile mnaloniuliza mwaka mzima pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni hapa Mwanza na hata nikiwa kwenye daladala: kwanini bei inaanguka wakati samaki hawajaongezeka, na kwanini Ziwa Victoria liko kwetu afu anayepanga bei hata sura yake hatuijui.

Jibu langu ni kwamba kwenye soko la dunia tuliingia zamani sana, ila tunauza vitu vikiwa vibichi, tena haraka haraka, na kila hatua inayoongeza hela baada ya hapo inafanyika kwa watu wengine. Mkoa unakua pale hela inapolala, kwetu inapita tu.

Chukua sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 60, viwanda vya minofu vikashamiri hapa mjini miaka ya 90, vijana wakapata kazi, nyumba zikajengwa, hilo halina ubishi. Halafu 1999 Ulaya wakasimamisha samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu ya kuvulia, na watu walioamka usiku kuvua kihalali na nyavu zao wakaumia sawasawa na yule aliyemwaga sumu. Kuna kitu kizuri kilitokea baada ya pale na nakisema wazi, ukaguzi ukakaa sawa, maabara ya samaki ipo hapa Nyegezi, baadhi ya mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, ikapata sakafu na maji safi. Lakini sakafu ilikuja kwa sababu mnunuzi wa mbali ameitaka, akina mama walikuwa wanaililia miaka na miaka na hakuna aliyewasikia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tena minofu mingi inapakiwa kwenye magari ya baridi inaenda kupandia ndege Nairobi. Wakenya hawana kosa, wana ndege nyingi na wamejipanga, ila jueni kwamba kazi ya kupakia, ushuru wa uwanja, maghala ya baridi, mama ntilie anayelisha wapakiaji, vyote hivyo vinakua kule.

Sasa bondo, yaani kile kibofu cha hewa cha sangara, maana hapa ndio tunapigwa kweli. Mwezi wa nane nilisimama na mwanachama wetu mmoja, kampasua sangara mkubwa, kalitoa bondo, jeupe linateleza, wakala akalishika, akaliminya, akataja bei bila kuliweka kwenye mizani. Nikamwambia pima baba. Akasema mizani imeharibika. Na yule kijana hakuweza kubisha kwa sababu injini na nyavu ni mkopo wa huyo huyo wakala, akikataa kuuza anadaiwa zote siku hiyo hiyo. Bondo lile linakaushwa, linafika Hong Kong na China, kule ni chakula cha heshima na kilo moja bei yake inaiacha mbali sana bei ya kilo ya nyama ya sangara mwenyewe. Bei ya dunia imepanda lakini kupanda kwake kunaishia kwa mwenye mizani na mwenye mkopo. Na tamaa hiyo hiyo ndio inafanya watu wavue hata sangara wa chini ya sentimita 50, kitu ambacho sheria inakataza na mimi nakipinga kabisa, tukimaliza watoto wa samaki hata huyo mchina hatokuja.

Dagaa nako mwaka ulikuwa mgumu. Wateja wa Congo ndio wanaobeba dagaa na kayabo (samaki wa chumvi) wetu kwa wingi, na Januari Goma ikachukuliwa na waasi wa M23, Februari Bukavu, benki zikafungwa, mtu ana hela lakini hawezi kuituma. Magunia yakakaa stoo. Waliokausha kwenye chanja walivumilia maana dagaa wao walibaki wakavu, hawana mchanga, wakapata wanunuzi wengine, ila walioanika chini kwenye mchanga mvua ikawakuta na mzigo ukaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nawaomba sana jamani, chanja, chanja, chanja.

Habari njema ni daraja la Kigongo-Busisi, lilifunguliwa Juni 19, kilomita 3, hakuna tena kusubiri kivuko na samaki wanaoza juani. Watu wa Sengerema na Geita wamefurahi na sisi pia. Ila barabara inaenda pande zote mbili, mnunuzi mwenye gari la barafu sasa anafika mwaloni mapema kuliko sisi, na tusipokuwa na barafu yetu atatupangia bei asubuhi na mapema.

Kamati imekubaliana mambo mawili tu, sitaki orodha ndefu ambayo haitekelezeki. Kwanza kununua mizani ya chama, ya digitali, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo wa serikali, ikae mwaloni na kila bondo na kila samaki wa mwanachama apimwe pale kabla hajaguswa na mnunuzi. Pili mfuko wa kukopeshana nyavu na mafuta ili mtu asiende kwa wakala akiwa amefungwa mikono. Najua mfuko kama huo umewahi kuvunjika kwenye vyama vingine kwa watu kutorudisha, ndio maana tunataka wadhamini wawili kwa kila mkopo na anayechelewa jina lisomwe kikaoni.

Mchango wa mizani unapokelewa na katibu, risiti mkononi, msimpe mtu mwingine yeyote hata akisema nimemtuma mimi. Wa Igombe na Kayenze chagueni mtu mmoja mmoja wa kusimamia upimaji, majina nipate kabla ya kikao.