Marekani pia simu hupekuliwa bila hati

Mhariri,

Kila gazeti linapoandika habari za vijana wanaokwenda Marekani kusoma au kufanya kazi, haikosi sentensi hii: kule polisi hagusi simu ya mtu bila hati ya mahakama. Si uongo, ila imekatwa mkia. Anayeimeza nzima hujikuta matatani mahali ambapo sheria haikumwahidi chochote, au huitoa mwenyewe haki aliyokuwa nayo mkononi.

Msingi wa sentensi hiyo upo. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanakataza upekuzi usio na sababu ya kuridhisha. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba polisi akimkamata mtu anaweza kuichukua simu yake, lakini ili asome yaliyomo ni lazima kwanza apate hati ya upekuzi, isipokuwa kuna dharura ya kweli. Serikali ililalamika kwamba ushahidi ungeweza kufutwa kwa mbali wakati hati inasubiriwa. Jaji Mkuu John Roberts alijibu kwamba simu inaweza kuzimwa, kutolewa betri, au kutiwa kwenye kimfuko cha alumini kinachozuia mawimbi, kitu chepesi na cha bei ndogo.

Ulinzi huo wote huanguka pale mwenye simu anaporidhia. Na polisi halazimiki kumwambia mtu kwamba ana haki ya kukataa. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1973 katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte. Ombi lenyewe mara nyingi huja kwa upole: "Hebu niione simu mara moja, tumalize uende zako." Aliyelelewa kumheshimu mwenye sare huikabidhi huku akitabasamu, na huko mahakamani hiyo huitwa ridhaa ya hiari. Jibu linalofaa ni fupi na halihitaji ukali: sikubali upekuzi wa simu yangu. Lisemwe kwa sauti inayosikika, maana polisi wengi huvaa kamera kifuani. Akiichukua kwa nguvu, usishindane naye kwa mikono; kukataa kwako kwa mdomo ndiko wakili wako atakakotumia kukutetea baadaye. Ukishakubali unaweza kubadili nia, lakini alichokwisha kukiona hakirudi. Na hati ikiletwa, omba kuisoma: inataja kifaa gani, inatafuta nini, jaji gani ameitia saini.

Wapo wanaoona njia rahisi ni kudai wamesahau nywila. Hiyo ni hatari kuliko kunyamaza. Kumdanganya ofisa wa serikali ya shirikisho, yaani ya nchi nzima na si ya jimbo, kwa makusudi, kuhusu jambo lenye uzito katika kazi yake, ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5, hata kama hukuapishwa. Kufuta picha na jumbe ili kukwamisha uchunguzi wa shirikisho ni kosa zito zaidi, lenye kifungo cha hadi miaka 20. Kunyamaza si kosa.

Sasa tuseme hati imeletwa na simu imefungwa. Je, mwenye simu anaweza kulazimishwa kuifungua? Hapa majaji wenyewe hawasikilizani. Marekebisho ya Tano yanasema mtu asilazimishwe kujishuhudia. Mahakama za juu za majimbo ya Pennsylvania (2019) na Indiana (2020) ziliona kwamba kutoa nywila ni kujishuhudia, kwa hiyo mtu alindwe. Ile ya New Jersey, mwaka huohuo wa 2020, iliruhusu mshtakiwa alazimishwe. Massachusetts nako analazimishwa, mradi serikali ithibitishe pasipo shaka ya msingi kwamba anaijua. Kuhusu kidole, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya San Francisco ilisema mwaka 2024 kwamba kukibonyeza kidole cha mtu kwenye simu hakumtaki afikiri chochote, ni sawa na kuchukuliwa alama za vidole kituoni. Januari 2025 ile ya mji mkuu, Washington, ikaona kinyume: mtuhumiwa aliyeamriwa kuifungua kwa dole gumba alikuwa amelazimishwa kusema kwamba anajua jinsi ya kuifungua simu hiyo. Mahakama ya Juu haijaingilia kati.

Katika hali hiyo ya vuta nikuvute, asiyetaka kubahatisha haachi kidole au sura iwe ndiyo ufunguo anapokwenda mahali penye hatari ya kukamatwa, kwa mfano kwenye maandamano. Kwenye iPhone zisizo na kitufe cha chini, bana kwa pamoja kitufe cha pembeni na kimoja cha sauti kwa sekunde kama mbili hadi kitelezi cha kuzimia kitokee. Kuanzia hapo simu haiikubali sura mpaka uandike nywila. Simu nyingi za Android zina chaguo kama hilo ndani ya menyu ya kuzimia, ila kwenye baadhi lazima uliwashe mapema kwenye mipangilio. Bora kuliko yote ni kuizima kabisa. Simu iliyowashwa upya na haijafunguliwa hata mara moja huwa bado haijapakia kwenye kumbukumbu funguo zinazofungua sehemu kubwa ya data, na vifaa vya wachunguzi hupata taabu zaidi kuivunja kuliko simu iliyofunguliwa asubuhi kisha ikajifunga skrini tu. Nywila ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, ya sita ina milioni moja; ukichanganya herufi, hesabu hiyo haina maana tena kwa mvunjaji. Tarehe ya kuzaliwa ni kazi bure, kwa kuwa iko kwenye kitambulisho chako.

Uwanja wa ndege ni habari nyingine kabisa. Mpakani serikali ina mamlaka ya upekuzi yaliyo mapana kuliko ya polisi wa mtaani, na Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka, CBP, inahesabu kwamba mamlaka hayo yanafika hadi ndani ya simu. Kwa mwongozo wake wa Januari 2018, ofisa anaweza kuipekua simu kwa mkono, akisoma ujumbe na kutazama picha, bila kukushuku kwa lolote. Akitaka kuiunganisha na mashine ili ainakili, anatakiwa awe na shaka yenye msingi au jambo la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Mwongozo huohuo unamtaka aishie kwenye kilichomo ndani ya kifaa, asiingie kwenye kilichohifadhiwa intaneti; ndiyo maana mtandao huzimwa kabla hajaanza. Angalia hapa: jumbe ambazo programu imekwisha kuzipakua zinabaki ndani ya simu, na kuzima mtandao hakuzifichi.

Uraia nao una uzito wake. Raia wa Marekani akikataa kutoa nywila hawezi kuzuiwa kuingia nchini mwake, ila simu inaweza kubaki. Mwenye viza anaweza kurudishwa alikotoka. Simu ikizuiwa, kwa kawaida ni kwa siku zisizozidi 5, japo muda huo huongezwa. Usiondoke bila kupewa stakabadhi, Fomu 6051D. Bila hiyo utafuatilia nini? Safari ya aina hii inafaa simu yenye vitu vichache, iliyozimwa kabla ndege haijatua.

Yupo jaji wa shirikisho huko Brooklyn aliyeamua, Julai 2024, kwamba hata katika uwanja wa ndege wa JFK, New York, simu isipekuliwe bila hati. Uamuzi wake haufungi mahakama nyingine, na nyingine zimeamua tofauti. Lakini kinachonikera ni mwisho wa kesi hiyo: ushahidi uliopatikana bila hati haukutupwa, kwa hoja kwamba maofisa walitenda kwa nia njema. Wanaosifu haki za Marekani kurasani mwenu hawalitaji jambo hili, na kwa mshtakiwa ndilo lenye uzito.

Tazameni mojawapo ya kesi maarufu za faragha ya simu, Carpenter dhidi ya Marekani. Wachunguzi wa unyang'anyi wa madukani huko Michigan na Ohio walichukua kutoka kampuni za simu rekodi za minara za siku 127, zenye sehemu 12,898 alizokuwapo mshtakiwa. Hawakuwa na hati. Walikuwa na amri ya mahakama yenye masharti mepesi, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1986. Juni 2018 Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba rekodi za namna hiyo za siku 7 au zaidi zinahitaji hati. Ushindi mkubwa, na vyuo vya sheria vinaufundisha hadi leo. Kesi iliporudi chini, mahakama ya rufaa iliona mwaka 2019 kwamba FBI iliitegemea sheria ya 1986 kwa nia njema wakati huo. Ushahidi ukabaki, na hatia ikabaki. Mwenye jina lake kwenye kesi alibadilisha sheria ya nchi, yeye asifaidike nayo.

Halafu kuna kununua. Kesi ya Carpenter ilihusu serikali kuilazimisha kampuni itoe rekodi. Programu za bure za hali ya hewa, michezo na kuponi hukusanya mahali simu ilipo, pamoja na namba ya matangazo ya simu hiyo, ambayo watangazaji huitumia kuitambua, na kuviuza kwa madalali wa data. Idara za serikali zimekuwa zikinunua kwa madalali hao, zikijenga hoja kwamba kitu kinachouzwa sokoni hakihitaji hati. Madalali hujitetea kwamba hakuna jina la mtu humo. Utetezi mwepesi: simu inayolala nyumba moja kila usiku na kushinda ofisi moja kila mchana imekwisha kujitaja. Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 219 dhidi ya 199, mswada wa kuzuia ununuzi huo. Seneti haikuupitisha.

Kwa hiyo anayeishi huko asingoje bunge. Kwenye Android, ingia mipangilio ya faragha, sehemu ya matangazo, ufute namba ya matangazo. Kwenye iPhone, sehemu ya ufuatiliaji, zima ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia. Kisha pitia ruhusa za mahali, programu moja baada ya nyingine: ramani ibaki "wakati wa kutumia" tu, tochi na michezo zinyimwe kabisa. Hayo yanapunguza yanayotoka leo; yaliyokwisha kuuzwa ni ya kudai kisheria. Wakazi wa California wana sheria ya mwaka 2023 inayowaruhusu kutuma ombi moja la kufutwa kwa madalali wote waliosajiliwa jimboni, na kuanzia Agosti 2026 kila dalali anatakiwa kuyapitia maombi hayo walau mara moja kila siku 45. Anayeishi kwenye jimbo lisilo na sheria ya namna hiyo atawaandikia madalali mmoja mmoja, na wengine hawatamjibu.

Msomaji wenu