Msichange pesa za deni la Mjomba

Jersey City

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeona kwenye kikundi kwamba Jumapili mnakutana Buruburu kuchanga pesa ili Mjomba alipiwe lile deni la kadi ya mkopo. Tafadhali mwambie mweka hazina angoje. Hata shilingi elfu tano zikimfikia dalali anayekusanya hilo deni zinaweza kumharibia Mjomba.

Deni limekaa miaka minane bila kulipwa. Hapa New Jersey mdai wa kadi ana miaka 6 ya kwenda mahakamani tangu malipo yakatike. Ikipita, sheria ya Marekani inamkataza dalali kushtaki au hata kutishia kushtaki. Lakini malipo kidogo, au barua ya kukiri deni, vinaweza kuanzisha hesabu upya. Ndiyo maana wanabembeleza: "Lipa dola 20 tu, tuone nia yako." Dalali hahitaji hizo 20. Anataka tarehe mpya.

Pesa zake za ulemavu nazo zina kinga. Mdai wa kadi hawezi kuzichukua hata akiwa na hukumu mkononi. Benki ikipokea amri ya kukamata akaunti, lazima iangalie miezi 2 iliyopita na imwachie kiasi cha Social Security (mfuko wa serikali unaomlipa pesa za ulemavu) kilichoingia humo moja kwa moja. Akipata dola 1,300 kwa mwezi, hadi dola 2,600 haziguswi, na hahitaji kuomba. (Kodi ya serikali kuu na matunzo ya watoto ni mambo mengine, yana sheria zake.) Kinachovuruga ni kuchanganya. Mkituma mchango kwenye akaunti hiyo, salio likazidi kile kiasi, ziada ndiyo inayofungwa. Na kama sehemu ya pesa zake ni SSI (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), zawadi yenu itahesabiwa kuwa kipato, apunguziwe. Akiba ikipita dola 2,000 anakatwa kabisa. Pia asizihamishie akaunti nyingine, maana ile kinga ya benki haizifuati huko.

Dalali akimwandikia, Mjomba ana siku 30 za kudai uthibitisho kwa maandishi: deni ni la nani, ni kiasi gani, limetoka benki gani. Atume barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, abaki na nakala, na asitaje namba ya akaunti kwenye simu. Akitaka simu zikome, aandike hivyo pia, wanalazimika kuacha.

Linaloumiza watu zaidi ni samansi. Wengi huitupa wakidhani deni kuukuu limekufa lenyewe. Halifi hivyo! Asipojibu mahakama, kwa kawaida ndani ya siku 35, na kusema muda umepita, mdai hupewa hukumu bila kusikilizwa upande wa pili. Legal Services of New Jersey huwasaidia bure wenye kipato kidogo kuandika jibu hilo.

Na huko nyumbani, Mama: dalali akimpigia ndugu, anaruhusiwa kuulizia anapopatikana Mjomba tu, si kutaja deni. Kwa hiyo anayekupigia akitaja deni na kukuomba utume kwa M-Pesa, kata simu, usimpe hata jina la mtaa. Zilizokwisha kuchangwa zirudishiwe wenyewe.

Nisalimie wote.

Mwanao